Maji ya Kujazia ya Papa Venant

Kwa maneno ya Maman Cibalonza, jirani wa upande wa chini, Papa Venant alipita mbele ya mlango wake Jumanne saa kumi na mbili jioni, bidoni la njano begani, akamsalimu "Asinge, maman," kisha akamwagia maji sambaza zake, dagaa wa ziwani, alizokuwa ameanika. Jirani huyo alikuja kulalamika juu ya sambaza. Kwamba Papa Venant alichukuliwa na askari kwenye barrière, kizuizi cha barabarani, miezi kumi na minne iliyopita, na hakuna aliyejua walimpeleka wapi, hilo hakuligusa.

"Mumwambie afunike bidoni yake," alisema.

"Tutamwambia," akajibu Maman Adélaïde, mke wa Papa Venant, akampa maharagwe kidogo ya kutuliza moyo.

Maombi, msichana wa kazi, aliinua macho kwenye kabati. Wiki ya tatu sasa alikuwa anakuta bidoni la juu ya kabati limejaa, na chini yake nyayo za maji.

Bidoni hilo lililisha akwariamu. Papa Venant, mwalimu wa biolojia, aliona bahari mara moja tu, Dar es Salaam, akarudi hana raha mpaka akaileta nyumbani: mabidoni kumi na mawili ya maji ya chumvi, matumbawe yaliyoshika mawe yao, na samaki wawili rangi ya chungwa, vyote ndani ya camion, lori la ndugu yake Isidore. Akaiweka sebuleni ndani ya sanduku la kioo. Ilikuwa kabla ya vita zile mbili, watu walikuja kuiangalia baada ya misa.

Maombi alipewa kazi ya kuongeza maji, maana kila siku yalipungua upana wa kidole. Mwezi wa kwanza aliyatia chumvi ya jikoni kwanza. Bahari si ni ya chumvi? Matumbawe yakafumba kama ngumi siku tatu. Papa Venant hakumgombeza. Alimketisha mbele ya kioo.

"Angalia, mutoto. Maji njo inaendaka mu hewa. Chumvi haiendake fasi yoyote, inabakia humu humu. Sasa weye unaongeza ingine ya nini?"

Jumamosi iliyofuata alitengeneza mtambo wa kujaza maji wenyewe. Hakununua kitu. Mpira ulikuwa wa seramu, dripu ya hospitali, alipewa na dada yake muuguzi. Boya alilitoa kwenye tangi la choo, lile linalofunga maji yakifika juu. Maji yakipungua, boya linashuka, tone linaanguka kutoka bidoni la juu ya kabati. Yakitosha, boya linapanda, tone linakatika.

"Choo yangu inalia muchana na usiku," alisema Maman Adélaïde, "lakini samaki zako ziko sawa, ee?"

Papa Venant alicheka mpaka akavua miwani. Kicheko hicho Maombi hakukisahau: redio inapiga rumba, bugali inanukia jikoni, mwanga wa buluu unacheza ukutani, na mwalimu mzima anahesabu matone kwa saa ya mkono kama daktari. Maombi akabakiwa na kazi ya kuonja: kila maji ya kujazia ayaonje kwanza, yasiwe na chumvi.

Vita ya pili ilipoingia, robineti za maji zikakauka. Papa Venant akatoka kutafuta maji ya kujazia, bidoni la njano la kuchotea begani. Hapo ndipo walimchukua, yeye na bidoni lake.

Jumatano, siku moja baada ya mambo ya sambaza, Papa Venant alirudi saa ile ile. Alivua viatu mlangoni kama zamani.

"Ufunike bidoni," alisema Maman Adélaïde. "Maman Cibalonza iko analalamika."

"Pardon," alisema, akamimina maji kwenye bidoni la juu ya kabati.

Maombi alikinga kikombe, akaonja. Chumvi hamna. Ila maji yalikuwa ya uvuguvugu, yana harufu ya jiwe, na aliyajua. Yalikuwa ya chemchemi ya maji moto upande wa Katana, kwao, ambapo mama yake alimwogesha kila Jumamosi akiwa amemshika mkono asiteleze.

"Maji iko ya kwetu," alisema. "Ile ya moto, ya Katana."

Maman Adélaïde akaketi.

"Basi walikufukia kule," alimwambia mume wake.

Papa Venant alikuwa anaangalia boya. "Tone zinaenda mbio," alisema. "Mufunge kidogo."

Maombi alikuwa amemaliza shule ya primaire na mwandiko wake ulisomeka, kwa hiyo barua kwa kamanda wa askari aliiandika yeye: *Tunaomba ruhusa ya kuchimba karibu na maji moto ya Katana, tuchukue mutu wetu, tumuzike, tukae matanga.* Askari wa mezani, ofisini kwa kamanda, aliipiga muhuri, akailaza juu ya nyingine.

"Murudie juma ijayo."

Walirudi juma lile, na lililofuata, na mengine sita. Barua za watu wengine zilikuwa zimepanda juu ya yao, na muhuri ulikuwa ule ule.

Maman Cibalonza siku hizi anaanika sambaza upande wa pili wa nyumba, na Papa Venant anafunika bidoni lake. Jioni moja alipokuwa anamimina, Maombi alisimama karibu naye na kikombe chake.

"Papa, utuonyeshe tu fasi. Tutachimba siye wenyewe, bila barua."

Papa Venant aliinama kwenye kioo, akatazama saa yake, akaanza kuhesabu matone kama zamani. Boya likapanda. Tone likakatika.