Mshale Kwenye Nusu

Mficha maradhi, kifo humsitiri. Najua wazee walisema kinyume, kwamba humuumbua, lakini wazee hawakuyaona tuliyoyaona Bariadi mwaka jana. Ndege ya kupulizia dawa ya kuua kwelea kwelea, wale ndege wadogo walaji wa nafaka, ilianguka kwenye majaruba ya mpunga ng'ambo ya Ngulyati, rubani akafa, na kifo chake kikawafunika vizuri wote waliojua ndege ile inaumwa nini. Aliyeumbuliwa ni maiti.

Rubani huyo alikuwa Hamza, mtoto wa Mzee Jumbe mwenye duka la mabati na misumari karibu na stendi. Ripoti ya kampuni ilikuwa na kurasa nne, na ilisema mafuta yalimwishia angani kwa uzembe wake. Hazikupita wiki mbili, bodaboda wa mjini wakapata neno jipya. Pikipiki ikizimika njiani kwa kukosa petroli, dereva anashuka, anaisukuma, anawaambia wenzake, "Nimefanya kihamza," na wenzake wanacheka. Muzdalifa, mjane wa Hamza, alilisikia neno hilo akiwa nyuma ya pikipiki yenyewe, anapelekwa kliniki na mimba ya miezi saba. Dereva hakujua amempakia nani.

Mimi naitwa Kija. Nina stashahada ya usanifu wa picha, na kazi yangu ni kuchora dashibodi za ndege. Nikisema hivyo watu huuliza kiwanda cha ndege kiko wapi hapa Bariadi. Hakuna kiwanda. Kuna kompyuta yangu, katika chumba cha nyuma ya duka la fotokopi la Rehana, na kuna kampuni ya ughaibuni inayouza simuleta, ile programu inayomfanya mtu aone amekaa kwenye kiti cha rubani na kurusha ndege bila kutoka sebuleni kwake. Wao hutengeneza mabawa na mawingu. Mimi nachora kile kilicho mbele ya macho ya rubani: vipimo, swichi, vifundo, taa.

Dashibodi safi ni ya uongo. Hilo ndilo somo la kwanza la kazi hii. Ya kweli ina rangi iliyolika pale kidole gumba kinapogusa kila siku, ina vumbi kwenye kingo za vioo, ina skrubu moja isiyofanana na wenzake. Mchoraji mvivu huchora kipimo kama kilivyo kwenye kitabu. Mimi nakichora kilivyo baada ya miaka ishirini ya jasho la watu.

Kaka yangu Shigela alikuwa fundi wa ndege ile, na ndiye aliyeniingiza. Jumamosi moja, ndege ikiwa imelala kwenye kiwanja cha changarawe, nilikaa kwenye kiti cha rubani nikapiga picha mia mbili. Chini ya kipimo cha mafuta palikuwa na kipande cha selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kimeandikwa kwa kalamu nene nyeusi: USIAMINI.

"Nini hiki, kaka?"

"Kimekufa hicho. Mshale umeganda kwenye nusu. Hata ukimwaga mafuta yote chini, chenyewe kitakwambia nusu."

"Na rubani?"

"Mzee wetu anajua. Anahesabu mizunguko yake kwa saa. Kipuri kinakuja."

"Kinakuja tangu lini?"

"Kija, umekuja kupiga picha au kukagua?"

Nikacheka. Nilikuwa nimeshakipenda kile kipande. Hakuna mchoraji ambaye angekibuni akiwa amekaa mezani. Wateja wangu walipoona sampuli waliandika kwamba wamefurahi sana, ila neno lenyewe niliweke kwa Kiingereza ili wanunuzi waelewe. Niliwajibu kwamba huyu ni fundi wa Simiyu anamwandikia rubani wa Simiyu, na anayetaka kuelewa ajifunze. Hawakurudia.

Jumatatu nilirudi kupiga picha za swichi za chini. Rubani mzee alikuwa amehamishiwa kanda nyingine, na Hamza ndiyo kwanza anakabidhiwa ndege. Alikuwa amesimama juu ya bawa, anafuta kioo cha mbele kwa kitambaa na kuwatania wapakia dawa. "Mnaniogopa nini? Mtoto wa duka la misumari mimi. Ikilegea, naigongelea."

Kile kipande cha selotepu hakikuwepo. Ilibaki alama ya mstatili, safi kuliko rangi iliyoizunguka.

Nilimwuliza Shigela kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, kwa nini amekibandua. Alijibu bila kuniangalia. Meneja amesema rubani mgeni akiyaona maandishi yale atakataa kuruka, na kwelea kwelea wanamaliza mpunga wa watu.

"Utamwambia?"

"Nitamwambia kwa mdomo."

Hamza alikuwa hatua tatu kutoka nilipokaa. Nami nina mdomo. Nilichofanya ni kulalamika kwamba nimeharibiwa mchoro, nikaipiga picha ile alama, nikaondoka. Alianguka kesho yake saa saba mchana, katika mzunguko wa nne.

Baada ya mazishi nilimwuliza Shigela kama alimwambia. Alikuwa nyuma ya nyumba ya mama, anaosha mikono ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Nilikuwa namsubiri atue, anywe chai, nimwambie. Alitua mara tatu. Hakuzima injini hata mara moja. Wanamjazia dawa, anaondoka."

Miezi mitatu nilikaa na picha mbili, ya Jumamosi na ya Jumatatu. Kila nilipopita stendi nilisikia kihamza. Mwishowe nikaimaliza dashibodi kama ilivyokuwa siku ile, alama ya mstatili mahali pake, na kipimo cha mafuta nikakipangia tabia yake: mshale usitoke kwenye nusu hata tangi likauke. Kisha nikamfuata Mzee Jumbe dukani.

"Shikamoo, mzee. Naomba uje uone kazi yangu."

"Marahaba, binti. Kazi gani ya kutazamwa na mzee kama mimi?"

"Ndege ya Hamza."

Alifunga duka mchana kweupe. Nilimkalisha mbele ya kompyuta, nikamshikisha usukani, nikamwonyesha vipimo kimoja kimoja: huu mwendo, huu urefu kutoka ardhini, haya mafuta. Nilikuwa nimeweka mafuta ya dakika sita. Aliushika usukani kwa mikono miwili. Hata alitabasamu kidogo ndege ilipopinda.

"Alikuwa anakaa hivi?"

"Hivyo hivyo, mzee."

Dakika ya sita injini ikakohoa.

"Nimegusa nini?"

"Hujagusa kitu."

"Mbona inazima? Mafuta si yapo? Nusu hii hapa, naiona." Aligonga kioo cha kompyuta kwa kucha, palepale kwenye mshale. "Binti, nusu hii hapa."

Injini ikanyamaza. Ardhi ikaja juu. Hakuuachia usukani mpaka picha iliposimama.

Aliuweka usukani mezani, akauliza, "Kwani mwanangu hakuona kwamba mshale haushuki?"

"Kila akitua walikuwa wanamjazia dawa. Labda alifikiri na mafuta wanamwongezea."

Nikamfungulia picha mbili. Alisoma lile neno la Jumamosi, akaitazama alama ya Jumatatu.

"Mwandiko wa nani?"

"Wa kaka yangu. Na mimi nilifika kipande hicho kimeshabanduliwa, mzee. Nilijua, sikusema."

Hakunitukana. Alivaa kofia yake, akaomba nimchapie picha zote mbili, akatoka nazo chini ya kwapa kama mtu aliyenunua kitenge.

Mzee Jumbe alizipeleka picha polisi, nao wakamchukua Shigela Alhamisi. Meneja alisema hajawahi kusikia habari ya selotepu yoyote, na hakuna karatasi yenye sahihi yake. Mwandiko ni wa Shigela peke yake. Kwa hiyo sasa ni Shigela peke yake.

Jumapili, alipoachiwa kwa dhamana, niliitwa nyumbani Nkololo. Walikuwa sebuleni: mama yetu Nyamizi, baba mdogo Mashimba, na Shigela amekaa kwenye kigoda, macho chini.

"Mwadila, mayu," nilimwamkia mama. Akageuza uso.

Mashimba ndiye aliyeanza. "Mambo haya tungeyamaliza kwa ng'ombe. Tungekwenda kwa Jumbe kama watu, tukakaa, tukaelewana. Wewe umekwenda na kompyuta."

"Ng'ombe wangewanyamazisha bodaboda, baba mdogo?"

"Nisikilize. Kesho utakwenda polisi. Utasema ile picha yenye maandishi umeichora wewe. Si ndiyo kazi yako, kuchora vitu vifanane na kweli? Watakuamini. Waonyeshe unavyochora."

Sikuwahi kufikiria hilo. Lilikuwa jambo la akili kabisa, na lingefaulu. Ustadi wangu wote wa vumbi na rangi iliyolika ungetosha kuifanya kweli ionekane mchoro, na Hamza angebaki mzembe milele.

"Meneja amemkana," mama alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Wewe ndugu yake nawe umemkana. Atabaki na nani?"

Nilimtazama Shigela. "Kaka, kama ni hivyo, waambie kile kipande nilikichora mimi."

Alitikisa kichwa, macho bado chini.

"Haya," mama alisema. "Polisi usiende. Lakini mwombe kaka yako radhi, hapa, mbele yetu. Hilo tu. Piga magoti umwombe."

Atafungwa, labda. Mama hatanipikia tena. Mtoto wa Muzdalifa amezaliwa, na siku moja atapanda pikipiki mjini.

"Hapana, mayu," nilisema. "Siombi radhi."