Uso wa Mama Katika Kidirisha

Fundi friji wa mtaa ule walimwita Baridi, na jina likamkaa. Ugonjwa wa kamera ulimpata ukubwani, nyumbani kwa mteja, alipoona kamera kuukuu ya mkanda juu ya kabati akaomba kuishika. Basi, kwisha habari yake. Mwezi haukuisha naye akawa na ya kwake, ila haina lenzi, akaanza kuzunguka maduka ya mitumba kuitafutia jicho.

Lenzi aliyoipata ilikuwa na shingo ya kuzama. Ukiisukuma inaingia ndani ya kamera. Ukitaka kupiga unaivuta na kuizungusha mpaka iume, ijifunge isirudi ndani. Muuzaji alimweleza hivyo hivyo, tena kwa kurudia. Lakini Baridi alishasikia kwamba lenzi za mitumba huota ukungu ndani, na akili yake yote ilikuwa kwenye tochi. Akamulika mbele, akamulika nyuma, akatafuta mikwaruzo, akainusa utadhani ananunua samaki. Haikuwa na doa. Alitoka pale kichwa kimemvimba.

Wakati huo mama yake alikuwa na uvimbe kwenye taya. Daktari alisema wazi: utakatwa pamoja na mfupa na sehemu ya shavu, na uso hautarudi ulivyokuwa. Mama hakulia. Alitaka kitu kimoja tu, picha ya uso wake wa siku zote, ya karatasi, ya kuweka ukutani. Maisha yake yote alizikimbia kamera, na picha aliyokuwa nayo ni ya kitambulisho, ambamo amenuna kama aliyenyang'anywa kiti.

"Niachieni mimi," Baridi akasema. Dada yake alipotoa simu apige na yeye, akamzuia. "Weka hiyo. Hii si kazi ya simu."

Siku ya kuamkia upasuaji akamkalisha mama karibu na dirisha, akamaliza mkanda mzima. Mama alijipamba, akacheka, akamtania mwanawe kwamba kumbe leo anaozeshwa na hajaambiwa. Na ubaya wa kamera hizi uko hapa, nisikufiche: hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha kidogo cha pembeni, na kidirisha hakijui lenzi imelala au imeamka. Baridi alimwona mama yake safi kabisa. Shingo ya lenzi ilikuwa imezama muda wote ule.

Picha zilisafishwa mama akiwa bado wodini. Mwenye studio alimkabidhi bahasha. Ndani mlikuwa na weupe wa dirisha, na weusi wa mtu aliyekaa, basi. Hakuna jicho, hakuna shavu. Baridi alikaa kwenye ngazi za studio akalia, mtu mzima yule, watu wakimruka.

Mama akarudi nyumbani, bandeji zikaondolewa. Kila Baridi alipokwenda kumwona, macho yake yalikuwa na shughuli nyingine. Mara kitasa kimelegea, mara taa inapepesa. Friji ya mama aliifungua yote akaifunga tena, na haikuwa mbovu. Aliongea na mikono ya mama, na kanga yake, na kikombe alichoshika. Uso, hapana. Kuuangalia kulikuwa kukiri kwamba ule mwingine umepotea moja kwa moja, na aliyeupoteza ni yeye.

"Picha zangu ziko wapi?" mama akamuuliza asubuhi moja. Maneno sasa yalitokea upande mmoja wa mdomo, polepole.

Alikuwa nazo kwenye mkoba wa kazi, chini ya bisibisi. Akampa, akabaki anatazama sakafu. "Nimeharibu, mama. Lenzi sikuivuta. Nisamehe."

Mama akazipitia moja moja. "Kumbe nilikuwa moshi." Akajaribu kucheka, ikamuuma, akashika taya. Kisha akaziweka mezani. "Kamera unayo?"

"Ninayo."

"Piga."

"Subiri kidogo upone, mama."

"Nimeshapona. Ndiyo hivi." Akameza mate kwa shida. "Sikiliza, baba. Hizi picha zimeharibika, yamekwisha. Lakini tangu nitoke hospitali hujaniangalia. Hilo ndilo linaloniuma."

Baridi akavuta shingo ya lenzi, akaizungusha mpaka ikauma. Akaweka jicho kwenye kidirisha. Katikati yake kuna kipande ambamo kila kitu huonekana mara mbili, na kazi ya mpigaji ni kuzungusha lenzi mpaka viwili viwe kimoja. Lakini huwezi kuvilinganisha bila mstari wa kushikia, na shavu halina mstari. Kitambaa cha kichwa kilikuwa cheusi kitupu. Akajaribu kwenye jicho, mama akapepesa. Uliobaki ni mshono, kutoka chini ya sikio mpaka pembe ya mdomo, mweusi, umenyooka.

Akautazama. Ilikuwa mishono miwili. Akazungusha taratibu, mmoja ukamfuata mwenzake, ukamlalia. Aliona kila tundu la uzi, na jinsi mdomo ulivyovutwa kando, na machozi yakampanda yakavuruga kila kitu. Akayafuta, akaanza upya.

"Mbona hupigi?" mama akauliza.

"Nakuangalia, mama."

"Haya," akasema, akaligeuzia shavu lile kwenye mwanga.