Pinde Zilizopakwa Mafuta

Mwalimu wa muziki aliuvuta upinde juu ya uzi wa fidla, na fidla haikulia. Akauvuta tena kwa nguvu zaidi. Upinde uliteleza kama mguu kwenye sakafu iliyomwagikiwa sabuni. Akajaribu wa pili, wa tatu, wa nne. Zote zilikuwa bubu. Alipousogeza mmoja puani, alisikia harufu ya mafuta ya nywele.

Upande wa pili wa ukuta, ukumbini, wazazi walikuwa wakiburuta viti.

"Nani amezigusa pinde hizi?"

Wanafunzi wanane, waliojipanga katika sare zilizopigwa pasi, walitazama chini. Hatimaye mpwa wake, ambaye shule nzima ilimwita Kiroboto kwa kutotulia kwake, aliinua mkono.

"Ni mimi, Shangazi. Yaani, Mwalimu. Mimi na wasichana wenzangu. Jana, baada ya kufagia."

"Mlizifanya nini?"

"Ulituambia ni nywele za farasi, tuzitunze kama nywele zetu. Tukaziona kavu, zina unga mweupe kama mba. Tukaziosha, tukazipaka mafuta."

"Kuzisuka mlisahau?" aliuliza mvulana mmoja, na wenzake wakacheka kwa pua. Jicho la mwalimu liliwanyamazisha.

Unga ule haukuwa mba. Ulikuwa utomvu mkavu wa msonobari, ambao ndio huufanya upinde uung'ate uzi. Mwalimu alizoea kuupaka mwenyewe mara moja kwa wiki, kabla ya watoto kuingia, kwa kuogopa wasije wakakivunja kipande pekee kilichokuwapo; hivyo hakuna mwanafunzi aliyepata kukiona wala kuelezwa kazi yake.

Fidla hizo zilikuwa msaada, lakini msaada wenye sharti. Mama wa shirika lililozikusanya alikuwa amezileta kwa majaribio ya muhula mmoja. Angerudi kuwasikiliza watoto, na kama angeona hazitumiki au hazitunzwi, angezihamishia shule nyingine iliyokuwa ikizililia. Siku ya kurudi kwake ilikuwa ndiyo hii.

Mwalimu alichukua spiriti katika sanduku la huduma ya kwanza, akaanza kufuta upinde mmoja. Nywele zilishikamana kama manyoya ya kuku aliyenyeshewa. Ndipo mlango ulipofunguliwa, akaingia mwalimu mkuu, ambaye walimu walimwita Kengele pindi alipokuwa mbali.

"Mgeni ameshaketi! Mnangoja nini?"

Alipoelezwa, aliufunga mlango nyuma yake taratibu.

"Sikiliza, binti yangu. Nyuma ya pazia pana redio, na kanda ya fidla ninayo. Watoto wavute hewani, mimi nitabonyeza. Watu watapiga makofi, watakunywa soda, watakwenda zao."

"Huo ni uongo, Mzee."

"Ni sitara! Au unataka watoto hawa warudi kujifunza muziki kwa kugonga meza kwa rula?"

Hakujibu, na Kengele akalihesabu lile kuwa jibu. Kimya si kosa mbele ya sheria, lakini mara nyingi ndicho kinachoufungulia uongo mlango.

Walipanda jukwaani. Mgeni, mwanamke mwembamba wa makamo, aliketi mstari wa mbele, akavua miwani ili asikilize vizuri. Nyuma ya pazia redio ilinguruma chini kwa chini. Watoto waliweka fidla mabegani na kumtazama mwalimu wao. Mwalimu aliinua mkono. Ukishuka, Kengele angebonyeza, na watoto wanane wangejifunza kwake somo ambalo hakuna mwalimu mwingine angeweza kulifuta.

"Wekeni pinde chini," alisema.

Kisha akaugeukia ukumbi, akasimulia yote: nywele za farasi, mba, mafuta. "Kosa ni langu," alimaliza. "Niliwaficha utomvu nikidhani mikono yao haijafaa kuushika. Asiyefunzwa hulaumiwaje?"

"Wangezitia na poda!" alisema baba mmoja, na ukumbi ukaangua kicheko. Mgeni hakucheka.

"Pigeni kwa vidole," mwalimu aliwaambia watoto.

Walidonoa nyuzi. Katika mstari wa pili wa wimbo walipotezana. Kiroboto alitangulia, akasita, akawangoja. Wimbo ulifika mwisho ukichechemea, lakini ulifika.

Mgeni alipanda jukwaani. Aliunusa upinde, akaugeuza, akaurudisha. Kisha akaichukua fidla ya Kiroboto, akaichunguza shingo yake, pale ambapo vidole vya mtoto vilikuwa vimeacha weusi wa mazoezi.

"Pinde naondoka nazo," mgeni alisema. "Zinahitaji nywele mpya, na siwezi kuahidi ni lini zitapatikana. Huenda muhula mzima ukapita."

"Na fidla, mama?" mwalimu aliuliza.

"Mmefanya mazoezi ya nyimbo ngapi?"

"Mbili."

"Basi wimbo wa pili sijausikia. Na muhula ujao nitataka kusikia wa tatu."

Akamrudishia Kiroboto fidla yake, akashuka, akaketi kitini pake. Nyuma ya pazia ngurumo ya redio ilikatika ghafla. Mwalimu aliwageukia wanafunzi wake, akainua mkono tena. Safari hii aliushusha.