Fomu ya Waroma

Aliyebuni fomu ile ya kodi kwa namba za Kirumi, Mungu amsamehe, maana Mama Kanyere alikuwa hajamsamehe bado. Yeye ndiye prezida wa chama cha wamama wajane wa Katoyi. Mashine yao ya kusaga mahindi, zawadi ya wafadhili wa ng'ambo, ilikuwa imefungiwa depo mpakani, ikingoja karatasi ya kusamehewa kodi. Depo walishasema: Pasaka ikipita, inauzwa kwa mnada.

Na fomu ilikuwa imesharudishwa. Mashine aliiandika kwenye IX, pa bidhaa za kuuza, badala ya XI, pa zawadi, nao wajane wakageuka matajiri wa kudaiwa kodi. Alipojaribu upya akachanganya IV na VI. Sidonie, sekretere wake, ndiyo kabisa: kila akiona vijiti vile anasema ni uzio wa mbuzi. Kanyere alilia kwa hasira, halafu akalia kwa aibu. Wajane wangemwona vipi?

Ijumaa ya Kwaresima wakaenda parokiani kwenye Njia ya Msalaba, kusali mbele ya picha kumi na nne za mateso ya Yesu ukutani. Magoti yake yalikuwa kanisani, moyo uko depo. Walipofika pale Yesu anapoanguka mara ya tatu, akainua macho, na juu ya picha akaona IX. Sala ikamkatikia mdomoni. Akatazama mbele, pale wanapompigilia misumari: XI. Eh, Maria! Vituo hivi alivijua kwa moyo tangu utoto, na namba zake ni zile zile za fomu. Furaha ikampanda, akamfinya Sidonie mpaka akaruka.

Watu walipotoka, wao wakabaki, fomu mkononi, wakitembea ukutani kituo kwa kituo. Simoni wa Kirene, msaidizi, akaangukia kwenye majina ya wafadhili. Padri alipokuja kufunga mlango aliwakuta wanabishana kama Veronika ni mishahara au matumizi ya ofisi, akacheka hadi akakaa kwenye benchi.

Shida ikaja mwisho. Ukuta uliishia kaburini, XIV, na fomu ilikuwa na XV, pa ombi lenyewe na sahihi. Sidonie akasema basi, tumezikwa. Kanyere akamuuliza kama kwaya anaimbaga usingizini, hata hajui baada ya kaburi kunakuja nini. Akaweka sahihi pale.

Karani wa ofisi ya kodi alipitia fomu polepole, akatafuta kosa, akalikosa, akagonga muhuri. Jumamosi Takatifu chukudu, kile kibaiskeli cha mbao cha kubebea mizigo, ikaleta mashine Katoyi, na kufikia adhuhuri ilikuwa inanguruma. Wajane, weupe kwa unga kutoka kichwani mpaka miguuni, wakacheza na kuimba Aleluya kwa sauti yote.

Padri alikuwa anapita. Akasimama, akawakumbusha kwamba Aleluya haiimbwi mchana huu, Bwana bado yuko kaburini.

Mama Kanyere akajipangusa unga na machozi pamoja. "Mutusamehe, Padri," akasema. "Sisi tumeshafika kwa namba kumi na tano."