Komeo la Juu

Kiharusi kilishauchukua mkono wangu wa kushoto zamani, kisha nikaanguka bafuni na bega la kulia likaganda. Kulifunga komeo la juu la mlango niliweza, nalisukuma kwa mti wa ufagio. Kulishusha ili nifungue ndiyo shughuli. Siku moja nikajifungia ndani, majirani wakavunja dirisha, na mwanangu akaja amenuna.

"Mama, Jumapili ya mwisho wa mwezi nakuja. Ukishindwa kunifungulia mwenyewe, unahamia kwetu. Hakuna mjadala."

Kwao ni kuzuri, lakini si kwangu. Ndiyo maana nikaenda kwenye taichi, yale mazoezi ya Kichina.

Mwalimu juzi tu alikuwa akituuzia bima. Sasa anavaa nguo nyeupe na kuongea kwa kunong'ona, tukambandika jina Bwana Utulivu. Asubuhi alitupaka viganjani "mafuta ya mabingwa wa Uchina", akatufundisha kusukuma hewa polepole, kama watu wanaosogeza kabati lisilokuwepo. Halafu mahojiano.

"Mnahisi nini?"

"Joto, mwalimu! Viganja vinawaka!" akasema mstaafu wa posta, macho kayafumba kama bibi harusi.

Vitaachaje kuwaka? Mafuta yenyewe ni dawa ya kuchua, ile ile ninayopaka magotini. Na mtu akicheua, Bwana Utulivu anapiga makofi: "Nguvu mbaya hiyo, inatoka!" Nguvu gani? Maharage ya jana.

"Na wewe, bibi?"

"Vigimbi vinatetemeka na kidole gumba kimekufa ganzi."

"Hujafungua moyo."

"Moyo uko wazi, mwalimu. Bega ndilo limefunga."

Ukumbi ukacheka. Akanihamishia mstari wa nyuma, kwa wasiohisi.

Huko nikamkuta fundi cherehani, mama mmoja mpole, mchechemeaji. Mkono wangu ulipokwama usawa wa kifua, aliweka vidole viwili chini ya kiwiko changu, kama anayeongoza kitambaa chini ya sindano. Hakusukuma. Alingoja tu, mpaka bega likakubali kidogo. Ikawa hivyo kila asubuhi.

"Dada, na mazoezi yako je?" nikamuuliza.

"Si ndiyo haya nafanya?"

Jumapili ile mlango ukagongwa.

"Mama! Gari liko nje."

Nikasimama mbele ya komeo, bila mafuta, bila minong'ono. Mkono ukapanda, maumivu yakaudaka usawa wa kifua, nikangoja. Fundi alikuwa kwake, lakini vidole vyake nilivihisi pale pale chini ya kiwiko. Jasho likanitoka, bega likapata moto wa kweli, usiopakwa. Mkono ukapanda tena. Komeo likashuka, klak!

Mwanangu akabaki mdomo wazi. "Kumbe yule mwalimu ni kiboko!"

"Huyo kanunue kwake bima," nikamwambia. "Kwa kuwa gari lipo, nipeleke kwa fundi cherehani."