Sauti Isiyojulikana

Utafiti wangu ulikuwa rahisi kueleza: je, mtu hukumbuka maneno mengi zaidi akisomewa na sauti anayoijua? Wanafunzi arobaini, makundi mawili, kila mmoja akipangwa kwa kura. Kundi la kwanza lilisikiliza maneno kumi na tano kwa sauti ya Delphine, msemaji wa darasa letu, ambaye chuo kizima kinamjua kwa sababu hanyamazi. Kundi la pili lilisikiliza maneno yaleyale kwa sauti isiyojulikana.

Sauti hiyo isiyojulikana ilikuwa ya kaka yangu Doudou.

"Hii sauti ni ya nani?" aliniuliza Chef Edouard, msimamizi wa kazi yangu.

"Ya muntu moya tu, Chef."

"Banafunzi ba hapa habamujue?"

"Habamujue."

Sikudanganya. Nilimega ukweli kipande nilichokitaka, basi.

Doudou alinisomea maneno hayo miaka minne iliyopita, kwa zoezi la darasani, nilipokuwa mwaka wa kwanza. Tulikaa jikoni, mimi nikihesabu sekunde mbili kati ya neno na neno kwa kugonga meza kwa kidole, yeye akisoma huku simu yangu ikirekodi: kinu, mvula, shoka, mpaka la mwisho, mulango. Wiki ileile baba aligundua kwamba Doudou ameacha masomo ya uinjinia, masomo ambayo baba alimchagulia tangu akiwa tumboni. Akamfukuza. Nilikuwa nimesimama palepale na mdomo ninao, lakini sikusema neno. "Asiyekuwepo na lake halipo," baba alisema, na kuanzia siku hiyo sahani ya Doudou haikuwekwa tena mezani. Namba yake ya simu ikafa.

Ningeweza kumwomba mwanamume yeyote wa Lubumbashi anisomee maneno kumi na tano. Lakini nilitaka kumsikia Doudou mara ishirini, mchana kweupe, bila mtu kuniuliza kwa nini nalia. Nilikuwa na hamu naye sana, nikaupachika ukiwa wangu katika sura ya mbinu za utafiti.

Rekodi ya washiriki niliikata baada ya "mulango", maana jaribio halitaki maneno ya ziada. Ile nzima nilibaki nayo mwenyewe. Mwishoni Doudou anasukuma kiti, anasema basi, imetosha, na kuniita tukale: "Njo bile. Mujinga, kuya tukule."

Mshiriki wa thelathini na moja alikuwa Plamedie, msichana wa mwaka wa kwanza aliyekuja kutoka Lukafu. Kura ikamtupa kundi la pili. Aliposikia "shoka" aliinua kichwa akatabasamu. Mimi nilikaza uso, kwa sababu mtafiti haruhusiwi kumwonyesha mshiriki chochote. Akaandika maneno aliyoyakumbuka, polepole, akifuta na kuandika tena. Swali la mwisho kwenye karatasi lilikuwa: Je, unaijua sauti hii? Wote wa kundi lake waliomtangulia walijibu Hapana. Plamedie akaweka alama kwenye Ndiyo.

Kanuni ilikuwa yangu mwenyewe: anayeijua sauti anatolewa, na haulizwi kitu mpaka akabidhi karatasi. Alikuwa bado anaandika tarehe. Sijawahi kuichukia tarehe kama siku ile.

"Unamujua namna gani?" nikauliza alipomaliza.

"Yaya," akasema, kwa heshima ya mkubwa wake, "ule ni Maître Doudou. Eko anafundisha mudogo yangu kwetu Lukafu. Bantu banamupenda sana. Paka mambo ya kwabo njo hasemake." Ya kwao tu ndiyo hayasemi; na kwao ni kwetu.

"Uko na numéro yake?"

"Mama iko nayo."

Akampigia mama yake hapohapo, nami nikaandika namba nyuma ya karatasi ya jaribio. Kwenye daftari nikaandika: 31, ametolewa, anaijua sauti. Kalamu ikanigomea kidogo. Kama kanuni ni ya haki, wa kwanza kutolewa ningekuwa mimi. Kesho ningemweleza Chef Edouard kila kitu, naye angenirudisha mwanzo na sauti nyingine, na angekuwa na haki.

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nje. Kwa miaka minne nilikuwa nimeandaa la kumwambia: kwamba nilipaswa kumtetea, kwamba baba siku hizi hutazama mlango wakati wa kula. Simu ikaita mara tatu.

"Allô? Ni nani?"

Yote niliyoyaandaa yakapotea. Nilibaki na neno moja tu.

"Kinu," nikasema.

Nikahesabu kwa kidole gotini. Sekunde mbili zikapita, zikawa nne, zikawa kumi. Nilidhani amekata.

"Mvula," akasema.

Nilisikia anavuta pumzi, na nyuma yake watoto wakicheza.

"Mujinga," akasema, "umeisha kula?"