Mwendo wa Risasi za Baba Anil

Barua ya kwenda Leicester ilikaa ndani ya mkebe wa dengu, jikoni kwangu Kitale, tangu Februari mpaka Juni mwaka wa 1989. Mume wangu Ishwar alinikabidhi niipeleke posta. Posta iko hatua mia mbili kutoka dukani kwetu, na miguu ninayo. Niliitia mkebeni, nikaimwagia dengu juu, nikarudi kuuza misumari.

Sikuifungua, lakini nilikuwepo akiiandika. Alikuwa anamwambia mwanetu Anil kwamba mkono wake umeshindwa, kwamba tunauza duka la vifaa vya ujenzi na kuhamia kwake Uingereza kabla ya mwaka kwisha. Hakuniuliza. Zamani, siku Anil alipopanda ndege, babake alimwahidi: "Mkono wangu ukianza kutetemeka, au macho yakififia, nitakuja." Mwanamume akishaahidi kitu mbele ya watu, haambiliki.

Alijuaje kwamba mkono umeshindwa? Kwa bunduki. Watu wengine huenda hospitali. Baba Anil, kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, alikwenda kwenye uwanja wa shabaha wa klabu, nje kidogo ya mji, akalala kifudifudi juu ya gunia na kupiga risasi kumi kwenye bango lililosimama yadi mia mbili mbele yake. Kwa miaka ishirini na mitatu risasi zake ziliingia kwenye duara jeusi kama kuku wanaorudi bandani. Novemba zikaanza kushuka. Moja ilipiga ukingo wa chini wa bango, nyingine ikachimba udongo. Desemba mambo yakawa yale yale. Mwisho wa Januari alirudi nyumbani, akaifuta bunduki, na siku chache baadaye akaitisha karatasi na kalamu.

"Labda ni risasi," nilimwambia.

"Hizi ni risasi za kiwandani, Bhagwanti. Zimetengenezwa na watu wanaojua kazi yao. Zinaweza kulala kabatini miaka kumi zisiharibike. Anayezeeka hapa ni mimi."

Nikamwambia basi ampe mtu mwingine ailenge bunduki yake, tuone. Akanitazama kama mtu aliyeombwa mswaki wake. Kibali kilikuwa na jina lake peke yake, na hata kama sheria ingekubali, yeye asingekubali. Risasi mpya za bunduki kuukuu kama ile nazo zilikuwa za kuagizwa ng'ambo, mwaka mzima wa kungoja.

Niseme wazi: sikutaka kwenda Leicester. Nilikaa huko wiki sita mara moja. Mke wa Anil ni mtu mwema, aliniwekea kiti karibu na dirisha na blanketi magotini, na hapo ndipo nilipoogopa. Hapa nilikuwa na matuta yangu ya uwatu nyuma ya duka, dada yangu Leela yuko Bungoma, na wateja wanaonitukana leo wakarudi kesho. Nilikuwa na miaka sitini na mmoja. Sikuwa nimemaliza kugombana na watu.

Machi nilikwenda Bungoma kumtembelea Leela, nikalalamika dukani kwake mpaka wateja wakanihurumia. Mmoja wao alikuwa Mwalimu Khaemba, anayefundisha fizikia shule ya sekondari, na alikuja kununua waya za maabara. Akasikiliza yote, akaweka waya zake chini.

"Lakini Mama Anil, hiyo si ni swali ya kidato cha pili? Kama shida ni mkono, risasi inatoka na mwendo yake ya kawaida, inaenda tu mahali si yake. Kama shida ni risasi, mwendo yenyewe imepungua, ndio maana inaanguka mapema. Pima mwendo, bana, uache kulia."

"Nipime na nini, Mwalimu? Rula?"

"Iko mashine. Inaitwa kronografu. Risasi ikipita juu yake, kivuli inagusa jicho ya kwanza, halafu jicho ya pili, na mashine inahesabu ilichukua muda gani hapo katikati."

Alikuwa na katalogi shuleni, na kesho yake akaileta. Tukaifungua juu ya kaunta ya Leela. Mashine zilikuwa tatu, na mimi nimeuza vifaa miaka thelathini, sinunui kitu kwa uzuri wa picha.

Ya kwanza ilikuja na sanduku lake na ilichapa hesabu kwenye kikaratasi. Kwa bei yake ungenunua ng'ombe wawili wa gredi. Nikauliza, karatasi ikiisha nitapata nyingine wapi? Khaemba akasema labda Nairobi. Nikauliza tena, labda? Akafunua ukurasa.

Ya pili ndiyo aliyoipenda yeye. Macho yake mawili yalisimama mbele ya bunduki, lakini akili ya mashine ilikaa kando ya mpigaji, vikiunganishwa kwa waya mrefu. Mtu akikosea, anavunja jicho tu, na jicho linauzwa peke yake. Bei ilikuwa nusu ya ile ya kwanza, na bado ilikuwa bei ya kuumiza tumbo.

Ya tatu ilikuwa kiboksi cha plastiki kinachokunjwa kama kitabu, na juu yake waya mbili zilizopindwa kama milango. Kilikula betri moja ya mraba, ile ile ninayouza kwa watu wenye redio ndogo. Kilikuwa rahisi kuliko zote kwa mbali. Lakini macho na akili vilikuwa pamoja humo ndani, na boksi lenyewe lilisimama hatua nne mbele ya mtutu, risasi ipite shibiri moja juu yake.

"Hii hapana," Khaemba akasema. "Mkono ikicheza kidogo, kwisha. Rahisi ghali, Mama Anil."

"Na risasi mbovu je? Si itashuka iigonge?"

"Hatua nne? Hapana. Hapo hata risasi mbovu haijaanza kuanguka. Ikigonga hii mashine, ujue ni mkono tu."

Nikafunga katalogi. "Basi ndiyo hii. Mkono ukiwa mzima, mashine itapona. Mkono ukiwa umekwisha, mashine ya nini tena?"

"Angalia tena ile ya pili, tafadhali."

"Mchagua jembe si mkulima, Mwalimu."

Nilikuwa najitia ushujaa. Njiani kurudi Kitale nikajihesabia kwamba nilikuwa nimeweka nyumba yangu, matuta yangu na dada yangu juu ya kiboksi cha plastiki.

Nilimpigia Anil simu aninunulie hukohuko. Akauliza ni ya nini. Nikasema babake anataka kitu cha kuchezea. Alifurahi, masikini, akailipa mwenyewe. Hakujua kwamba ananinunulia njia ya kutokwenda kwake, na jambo hilo linanichoma mpaka leo. Binamu yetu Prakash aliileta kutoka huko, sandukuni katikati ya soksi, na ilipofika mwisho wa Mei kila kitu kilikuwa kizima isipokuwa vifuniko viwili vyeupe vya kuwekwa juu ya waya, vilivyopasuka vipande vipande. Nikadhani ni mapambo. Nikavitupa.

Jumapili ya mwisho ya Juni tukaenda uwanjani. Ishwar alikubali kwa sababu mashine ni zawadi ya mwanawe, na kwa sababu alikuwa ameshasema hiyo ndiyo siku yake ya mwisho kulenga shabaha. Khaemba alifika kutoka Bungoma, kwani hangekosa. Bwana Kibiwott, mkulima wa mahindi na katibu wa klabu, alitupokea, akaisimamisha mashine kwenye kigoda, na nyuma yake akatundika karatasi ya daftari, tuone kila risasi inapita wapi.

"Nitaanza mimi," Kibiwott akasema. "Risasi zangu ni mpya, na mwendo wao umeandikwa kwa boksi. Tujue kwanza kama hii kitu inasema ukweli."

Akapiga. Mashine haikusema chochote. Akapiga tena. Kimya. Jua la saa sita lilikuwa utosini. Rahisi ghali, nikajiambia, wamekuuzia kisanduku cha sabuni, Bhagwanti.

Khaemba alikuwa amepiga magoti akisoma kijitabu cha mashine. "Macho inaangalia juu," akasema. "Jua imezidi, haioni kivuli. Ilikuwa inataka kitu nyeupe hapa juu. Vifuniko iko wapi?"

Nilikwenda kwenye kikapu cha chakula, nikatoa kitambaa cheupe ninachochujia jibini letu, paneer, nikakitandaza juu ya zile waya na kukibana kwa vibanio vya nguo. Kilinuka maziwa yaliyochacha. Kibiwott akapiga, na kwenye kidirisha zikatokea tarakimu: futi elfu mbili mia nne na kumi na mbili kwa sekunde. Boksi la risasi zake lilisema elfu mbili mia nne kamili. Akapiga nyingine: elfu mbili mia tatu tisini na nane.

"Hii si muongo," Khaemba akasema. Kibiwott akabadilisha ile karatasi ya daftari, akaweka safi.

Ikawa zamu ya Baba Anil. Alijilaza taratibu, kwanza goti, kisha kiwiko, kisha kifua, akashusha pumzi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Kutoka pale niliona kama mtutu unaelekea katikati kabisa ya kile kiboksi, nikaushika mkono wa shati la Khaemba na kuufinya. Bunduki ikalia. Kiboksi kilikuwa bado kimesimama.

"Elfu moja mia tisa na thelathini," Khaemba akasoma.

Boksi la risasi za Ishwar lilisema elfu mbili mia tatu na hamsini. Akapiga ya pili: elfu moja mia saba arobaini na tano. Ya tatu: elfu mbili na sitini. Ya nne ilikuwa chini ya zote. Mpaka ya kumi hapakuwa na mbili zilizofanana, na hakuna iliyofika pale ilipopaswa kufika. Mashine haikupata hata mkwaruzo.

Kibiwott alikwenda kuchukua ile karatasi ya daftari. Risasi zote kumi zilikuwa zimetoboa mahali pamoja. Akatoa shilingi mfukoni, akaiweka juu ya tundu, na shilingi ikaliziba.

"Mzee Ishwar," akasema, "huu mkono uko na shida gani? Mimi niko na miaka arobaini na sita na sina mkono kama huu."

Nilikaa chini kwenye nyasi nikalia bila aibu. Miezi yote ile nilikuwa nimejikaza mbele ya wateja. Ishwar alibaki amelala juu ya gunia lake, paji la uso kwenye kitako cha bunduki, mabega yanatikisika. Nilijua na yeye analia, nikamwacha.

Mambo yangeishia hapo, lakini Khaemba ni mwalimu, lazima ajue sababu. Kibiwott alikuwa na kifaa cha klabu cha kufungulia risasi, akazifungua tatu za Ishwar zilizobaki. Baruti ilitakiwa kumiminika kama sukari. Ilitoka imeshikana, ina rangi ya chai. Khaemba akainusa, akakunja uso, akanipa.

Ilikuwa harufu ya mafuta ya haradali.

Kikulacho ki nguoni mwako. Kila Oktoba, sikukuu yetu ya Dashera, sisi huheshimu zana zetu za kazi. Mizani ya duka, misumeno, nyundo, bunduki, vyote husafishwa na kuwekwa mbele ya picha ya mungu wetu wa kike, Mama Durga, nukta nyekundu juu, na tone la mafuta kwa kila chuma. Tone tu. Lakini Oktoba ile nilikuwa nimemwona Ishwar akimwaga chai kwenye sahani, siku alipokuwa na homa, nikaingiwa na hofu kwamba mkono unaanza. Nikaona tone halitoshi. Nikazilaza risasi zake zote kwenye sinia la mafuta mchana kutwa, nikiomba mkono wake usitikisike, kisha nikazipangusa vizuri na kuzirudisha kabatini. Mafuta yakapenya ndani polepole, na tangu mwezi uliofuata zikaanza kushuka.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua.

"Ni mimi," nikasema, na nikaeleza yote.

Ishwar akaichukua ile baruti, akainusa mwenyewe. "Mafuta kiasi gani?"

"Chupa nzima."

"Chupa nzima!" Akaanza kucheka. Alicheka mpaka Kibiwott akamshika bega, akidhani amepaliwa. "Ili nisikose shabaha?"

"Ili usikose," nikasema.

Tulirudi nyumbani kwa pikapu yetu, mashine magotini pangu ndani ya kitambaa cha paneer. Nilikuwa nimeshatubu kosa moja, na la pili lilikuwa bado. Kabla hatujafika barabara ya lami nikalitoa.

"Baba Anil. Ile barua ya Februari. Haikwenda."

"Najua," akasema.

"Unajuaje?"

Alipunguza mwendo kupisha ng'ombe wa watu, akawangoja mpaka wa mwisho akavuka.

"Ningetaka ifike, Bhagwanti, ningeipeleka mwenyewe," akasema. "Posta iko hatua mia mbili tu."

Kisha akaingiza gia, tukaenda nyumbani.